Usidanganywe na wepesi wa bia: waulize wanaoipika

MAPEMA mwaka jana mgonjwa wangu mmoja wa kisukari alinijia kliniki akiwa na mkebe mtupu wa bia ndani ya bahasha ya kaki. Aliuweka mezani kwa uangalifu kana kwamba ni kichupa cha mkojo wa kupimwa, kisha akaniambia, "Daktari, hebu soma hapo."

Nikasoma. Ulikuwa mkebe wa bia ya rangi hafifu kutoka Australia, ulioletwa na mpwa wake aliyekuja nyumbani kwa Krismasi. Kwa maandishi makubwa ulitangaza kwamba bia hiyo ina wanga kidogo mno. Mgonjwa wangu, karani wa umri wa miaka 52 ambaye amekuwa akipima ugali wake kwa ngumi tangu nilipompa habari mbaya miaka minne kabla ya siku hiyo, alikuwa akitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi. Mpwa wake alikuwa amemweleza kwamba huko Australia hiyo ndiyo bia ya watu wanaojali afya yao. "Haina sukari," akasema. "Sasa hii si naruhusiwa?"

Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Nilimjibu huku nikiandika dawa zake: "Afadhali hiyo kuliko soda, mzee, lakini usizidishe."

Wiki tatu baadaye jibu hilo lilikaribia kumuua, na nitaeleza jinsi ilivyokuwa. Naona haya kuliandika jambo hili gazetini, hasa kwa sababu nilikuwa nimekwisha kufundishwa ukweli kuhusu bia za aina hiyo, tena na watu ambao hawajawahi kusomea udaktari. Walikuwa ni watu wanaopika bia nyumbani kwao kwa kujifurahisha, katika gereji moja mjini Brisbane.

Hiyo ilikuwa mwaka 2015. Shemeji yangu ni muuguzi na alihamia huko kikazi, nami nilikwenda kumtembelea kwa majuma mawili. Jirani yake alikuwa fundi wa umeme aliyestaafu, na kila Jumamosi alasiri wenzake kadhaa walikutana gerejini kwake kupika bia na kuonja waliyoipika majuma yaliyotangulia.

Najua msomaji wa Kenya akisikia habari za kupika pombe nyumbani hufikiria mapipa yaliyofichwa mtoni, askari wa chifu na kina mama wakikimbia usiku. Kwa Waaustralia mambo ni tofauti. Tangu mapema miaka ya 1970, wakati wa serikali ya Waziri Mkuu Gough Whitlam, raia anaruhusiwa kupika bia nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni wala ushuru. Kutonesha pombe kali bila leseni ndiko kulikobaki kosa. Kiwanda cha Coopers cha Adelaide, kilichoanza mwaka 1862, huuza makopo ya kimea kizito kama asali, kila kopo kilo 1.7. Unachanganya kopo moja na kilo ya sukari na maji mpaka upate lita 23, unatia hamira, unafunika, unangoja kama wiki moja, halafu unatia kwenye chupa. Ukweli ni kwamba nyanya yangu aliyekuwa akipika busaa kule Magharibi angeielewa kazi hiyo yote kwa dakika tano, isipokuwa angeshangaa kwa nini kimea kinanunuliwa dukani.

Siku niliyoalikwa mjadala ulikuwa mkali. Mezani palikuwa na mikebe ya Great Northern, bia ambayo kampuni ya Carlton & United iliizindua huko Queensland mwaka 2010 kwa ajili ya watu wa kaskazini mwenye joto, wavuvi na wapiga kambi. Kufikia wakati huo ilikuwa imeenea kila duka la pombe mjini, na wapika bia hawa walikuwa bado wakiizungumzia kama mgeni aliyeingia nyumbani bila kupiga hodi. Ni bia ya rangi ya majani makavu, baridi, yenye povu linalotoweka haraka na uchungu mdogo sana. Ile ya kwanza ina asilimia 4.2 ya kileo. Kuna nyingine nyepesi zaidi yenye asilimia 3.5.

Mwenye gereji alisema kwamba hayo ni maji yaliyopita karibu na shamba la shayiri. Mwenziwe, mzee aliyekuwa amefanya kazi katika reli, akampinga. Alisema mtu akimaliza kukata nyasi kwenye joto la Januari hataki bia ya kutafuna, na kwamba yeye huinunua, huinywa, na haoni aibu. Isitoshe, akasema, hakuna hata mmoja wao pale gerejini angeweza kuipika. Wote walinyamaza kidogo, kwa sababu alisema kweli. Bia nyeusi iliyojaa kimea na hopsi, yale maua machungu, huficha makosa mengi. Bia hafifu haifichi kitu. Chombo kisiposafishwa vizuri, au hamira ikifanya kazi kwenye joto, ladha mbaya huonekana papo hapo. Hamira ya bia za aina hii hutaka ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13 hivi kwa majuma kadhaa, na gereji ya Brisbane bila jokofu haiwezi kuupata.

Aliyenivutia zaidi ni mama mmoja, mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Huyo hakuitukana bia. Alisema tu kwamba imetengenezwa kwa ustadi mkubwa ili isimzuie mnywaji. Nikamwomba afafanue. Akaniuliza ni mara ngapi nimemaliza glasi tatu za maziwa mazito kwa mkao mmoja. Bia nzito na chungu, akasema, ina breki zake yenyewe: tumbo linajaa, ulimi unachoka, mtu anaweka glasi chini. Katika bia hii breki zote zimeondolewa na kileo kimeachwa.

Nimewasikiliza maprofesa wengi wakizungumza juu ya ulevi. Sikumbuki aliyelieleza jambo hilo waziwazi namna hiyo.

Mwalimu huyo ndiye aliyenieleza pia habari za wanga, kwa kuwa kando ya mikebe ile palikuwa na chupa ya bia nyingine, Pure Blonde, ambayo kampuni hiyo hiyo iliitoa mwaka 2004 ikinadiwa kuwa na wanga kidogo. Naomba msomaji anivumilie hapa kidogo, maana ndipo lilipo jambo lenyewe.

Bia hutokana na nafaka. Nafaka ni wanga. Ikilowekwa na kuota, kama wimbi wa busaa, ndani yake hutokea vimeng'enya vinavyoukata wanga huo kuwa sukari. Hamira hula sukari na kutoa kileo na gesi. Lakini si wanga wote unaokatwa vipande vidogo vya kutosha. Vingine hubaki vikubwa, hamira haiwezi kuvila, navyo ndivyo vinavyoipa bia uzito mdomoni. Mtengenezaji anayetaka bia yenye wanga kidogo huongeza kimeng'enya kingine kinachokata hata vile vipande vilivyobaki. Hamira inavila navyo. Wanga umekwisha, bia imekuwa kavu na nyepesi. Umekwenda wapi?

"Umekuwa kileo," akasema mwalimu, akanionyesha kijiti cha kioo kinachoelea, kiitwacho haidromita. Wapika bia wote wazuri wanacho. Unakitumbukiza kabla hamira haijaanza kazi, labda kinasoma 1040. Unakitumbukiza tena mwishoni, kinasoma 1008. Tofauti ni 32. Gawanya kwa 7.46, upate asilimia 4.3 hivi, kisha ongeza nusu kwa ajili ya sukari inayotiwa kwenye chupa ili bia itoe povu. Kadiri kijiti kinavyozama zaidi mwishoni ndivyo bia ilivyo kavu zaidi, na ndivyo kileo kilivyozidi. Ili bia kavu isiwe kali, mtengenezaji hulazimika kuanza na nafaka kidogo au kuizimua kwa maji. Wengine hufanya hivyo. Si wote.

Ufundi huo si mpya. Aliyeubuni ni mtaalamu wa kemia wa Marekani, Joseph Owades, na bia ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa huko ilikuwa Gablinger's, mwaka 1967. Ilinadiwa kama bia ya watu wanaopunguza unene, na ikaanguka vibaya. Wanywaji wa bia wa miaka hiyo hawakutaka kuonekana wakinywa kitu cha watu wanaojinyima chakula. Miller Lite ilipotoka kote Marekani mwaka 1975 haikurudia kosa hilo. Wanamichezo wenye misuli walionekana kwenye televisheni wakiisifu kwamba haijazi tumbo. Mwenye tumbo lisilojaa ataagiza nyingine. Japani nayo ikaleta Asahi Super Dry mwaka 1987, na tangu hapo bia kavu na hafifu zimeienea dunia, Australia ikiwemo.

Sasa tufanye hesabu, kama nilivyopaswa kuifanya siku ile ya bahasha ya kaki.

Chukua mkebe wa Kiaustralia wa mililita 375 wenye kileo cha asilimia 4.6. Ndani yake mna gramu 13.6 za kileo. Kila gramu ya kileo huupa mwili kalori 7, karibu sawa na mafuta, ilhali gramu ya wanga hutoa kalori 4 tu. Kileo peke yake, basi, ni kalori 95. Bia ya kawaida ina takriban gramu 11 za wanga katika mkebe huo, yaani kalori 44. Ile ya wanga kidogo ina kama gramu 4, yaani kalori 16. Anayebadilisha ameokoa kalori 28, ambazo hazifiki nusu ya kipande cha mkate. Na kumbuka kwamba hata bia ya kawaida haikuwa na sukari nyingi tangu mwanzo. Soda ya mililita 300 ina gramu 30 na zaidi za sukari. Kwa hivyo nilipomwambia mgonjwa wangu kwamba ni afadhali hiyo kuliko soda sikusema uongo. Nilimjibu swali la sukari, na tatizo lake halikuwa sukari iliyomo ndani ya bia.

Kuna jambo moja ambalo sikukubaliana na watu wa gerejini, na mpaka leo sikubaliani nao. Waliicheka zaidi ile bia ya asilimia 3.5. Waliita kinywaji cha watoto. Mimi naona hiyo ndiyo peke yake pale mezani iliyostahili kuitwa nyepesi. Mkebe wake una gramu 10.4 za kileo, na kipimo kimoja cha kawaida cha Australia ni gramu 10. Mtu akinywa mitatu ya hiyo badala ya mitatu ya asilimia 4.6 amejiepushia karibu mkebe mzima. Waaustralia wanaipenda kwa sababu zao nzuri. Tangu miaka ya 1980 polisi wao husimamisha magari ovyo barabarani na kumpulizisha dereva kile kifaa tunachokiita alkoblo, na kikomo chao ni miligramu 50 za kileo katika mililita 100 za damu. Ushuru wao wa bia nao hutozwa kwa kiasi cha kileo chenyewe, tena asilimia 1.15 ya kwanza haihesabiwi. Kwa hiyo bia dhaifu ina nafasi yake, mfukoni na barabarani.

Tunatumia neno moja, nyepesi, kwa vitu viwili visivyohusiana. Bia inaweza kuwa nyepesi kwa sababu wanga umetolewa, na inaweza kuwa nyepesi kwa sababu kileo kimepunguzwa. Ini lako hujali hiyo ya pili tu. Wakati mwingine mkebe mmoja huwa na wepesi wote wawili, na ndiyo maana usomwe wote, hasa ile tarakimu ndogo ya asilimia inayoandikwa pembeni mahali pasipovutia macho.

Isitoshe, wapika bia wenyewe wana upofu wao. Kila mmoja alinihakikishia kwamba bia ya nyumbani haina kemikali, hivyo haimuumizi mtu kichwa kesho yake. Kemikali inayomuumiza mtu kichwa ni kileo, na ya kwao ilikuwa imejaa. Mwenye gereji alinipa chupa yake ya mililita 750 na kunieleza kwa fahari kwamba ni ya asilimia 5.5. Nilipiga hesabu kwenye kisanduku cha sigara: gramu 32 na nusu, zaidi ya vipimo vitatu, ndani ya chupa aliyoihesabu kama "moja". Nilipomuuliza hunywa ngapi kwa wiki akacheka na kusema kwamba hajui, kwa kuwa hainunui. Nadhani hiyo ndiyo hatari kubwa ya pombe ya nyumbani, kule na huku. Pesa haimkumbushi mtu kuhesabu. Tangu Desemba 2020 miongozo ya afya ya nchi yao inamtaka mtu mzima asizidishe vipimo 10 kwa wiki, wala vinne kwa siku moja. Chupa zake nne tu zingevuka kikomo cha wiki.

Nirudi kwa mgonjwa wangu.

Alikuwa akitumia metformini na glibenklamaidi, vidonge viwili ambavyo wagonjwa wengi wa kisukari humu nchini huvifahamu kwa rangi kuliko kwa jina. Glibenklamaidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hukula, na nguvu yake huweza kudumu karibu siku nzima. Mikebe ya mpwa ilipokwisha, alitafuta bia nyingine ya aina hiyo hapa Nairobi, akaipata. Ijumaa moja alikutana na marafiki baada ya kazi. Kwa kuwa alikuwa anakunywa, aliamua kuacha chakula cha jioni ili "kusawazisha". Alikunywa chupa tano. Alifika nyumbani saa tano usiku akiwa mchangamfu tu, akameza dawa zake kama mgonjwa mwaminifu, akalala.

Alfajiri mkewe aliamshwa na shuka zilizolowa jasho. Mumewe alikuwa akitetemeka na kuongea maneno yasiyoeleweka. Alimpeleka kwenye kituo cha afya kilichokuwa karibu, na kwa sababu alinuka bia, waliwaambia wamrudishe nyumbani alale mpaka pombe imtoke. Mama huyo hakukubali. Alinipigia simu saa kumi na mbili na nusu, nami nikamwambia amlete mara moja. Sukari yake ya damu ilikuwa 1.9, ilhali haipaswi kushuka chini ya 4. Tulimtia glukosi mshipani, na baada ya dakika chache akafungua macho na kuuliza ni nani amemletea viatu visivyofanana.

Nini kilitokea? Usiku, mtu asipokula, ini ndilo linaloilinda sukari ya damu. Kwanza hutoa akiba yake, na akiba ikipungua hutengeneza sukari mpya. Lakini ini likiwa na kileo cha kuchoma huiacha kazi hiyo ya kutengeneza sukari, na kileo hukichoma polepole, chupa moja ya kwetu ya mililita 500 ikichukua saa mbili hivi. Chupa tano humaanisha usiku mzima. Wakati huohuo dawa inaendelea kusukuma insulini. Sukari inashuka bila kizuizi, na dalili zake, jasho, kuyumba, ulimi mzito, ukali wa ghafla, zinafanana kabisa na ulevi. Mgonjwa wa kisukari anaweza kufa kando ya watu wanaomcheka.

Sasa utaona kwa nini lile neno la wanga kidogo ni mtego kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Bia ya kawaida isingekuwa dawa, hasha, lakini angalau ule wanga wake mchache ungemkinga kidogo kwa saa za mwanzo. Alichagua bia iliyoondolewa hata hicho kidogo, akaacha na chakula, kwa kufikiri kwamba anafuata ushauri wangu. Na kwa kweli aliufuata. Katika miaka minne nilikuwa nimemhubiria sukari, sukari, sukari, wala sikuwahi kuketi naye hata mara moja tuzungumze juu ya pombe. Nilikuwa najua kwamba anakunywa. Madaktari wengi hatuulizi, na tukiuliza tunauliza kwa sauti ya hakimu, basi mgonjwa anajibu "kidogo tu, daktari" na tunaendelea na mengine.

Maoni yangu juu ya matangazo haya ni haya. Neno lolote kuhusu wanga au sukari halina kazi kwenye chombo cha pombe. Australia imekataza pombe inayozidi asilimia 1.15 isidai kwamba inaleta afya, na tangu Julai 2023 inalazimisha onyo kwa wanawake wajawazito liwekwe kwenye kila chombo. Lakini imeruhusu mtengenezaji ataje kiasi cha wanga. Sheria inaona hilo ni taarifa tu. Mnywaji hasomi taarifa, anasoma ruhusa, kama alivyosoma karani wangu na kama alivyosoma mpwa wake ambaye ana shahada. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na kileo kimekuwa katika orodha ya visababishi vya saratani tangu mwaka 1988. Chombo kinachotaka kumpa mtu taarifa ya kweli kiandike kwa herufi kubwa idadi ya gramu za kileo. Wapika bia wa Brisbane huiandika kwa kalamu kwenye kizibo cha kila chupa, ingawa hawaihesabu.

Huku kwetu hesabu hiyo ni rahisi. Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina gramu 16.6 za kileo. Chupa sita ni gramu mia moja, yaani kikomo cha wiki nzima kwa kipimo cha Waaustralia. Najua wasomaji wangu wengine huzimaliza kabla mechi ya Jumamosi haijafika mapumziko. Busaa na mnazi havina hata tarakimu ya kusoma, na nguvu zake hubadilika kutoka asubuhi hadi jioni, maana hamira bado inaendelea na kazi ndani ya kibuyu. Ile pombe iliyoua zaidi ya watu mia moja katika mitaa ya mabanda ya Nairobi Novemba 2000, au watu 17 huko Kirinyaga Februari 2024, ni habari nyingine kabisa. Mle mlikuwa na sumu, nami sitaichanganya na mjadala huu.

Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamaidi, bora asinywe. Akinywa, ale kwanza chakula cha kweli, chenye wanga, wala asiruke mlo kwa ajili ya bia. Apime sukari kabla ya kulala na tena akiamka. Amweleze mke, mume au rafiki kwamba akionekana mlevi kupita alichokunywa, apewe soda ya kawaida au maji ya sukari maadamu anaweza kumeza, na akishindwa kumeza asinyweshwe kitu bali akimbizwe hospitali. Na wenzangu wa mapokezi, tafadhali mpimeni sukari kila anayeletwa akinuka pombe. Tone moja la damu, sekunde chache.

Karani wangu yu mzima. Nilimbadilishia dawa, nikamweka kwenye aina isiyoshusha sukari kwa ghafla namna hiyo. Hunywa bado, mara moja kwa mwezi, chupa mbili baada ya kula, na huniletea hesabu ya gramu zake ikiwa imepigwa mstari kwa rula, kama karani wa kweli. Mkewe naye huniletea yake. Hesabu hizo mbili hazijawahi kulingana, nami huandika ya mkewe kwenye faili.